Usukani wa Massey ya Ami: Plei Haikai Mahali Pamoja

Trekta ya ami yangu ni Massey Ferguson 135, ya aina ile iliyoanza kuundwa mwaka 1964, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, na mpaka leo ndiyo inayolima mashamba ya mihogo na mahindi ya jamaa zetu kule Mwakirunge, upande wa kaskazini wa Mombasa bara. Injini yake haina neno, haidroli inanyanyua jembe bila kusita, na gia zinaingia. Kilichokuwa kimeharibika, tena kwa muda mrefu, ni usukani. Dereva alikuwa akiuzungusha karibu shibiri nzima kabla magurudumu ya mbele hayajasikia chochote, kisha yakisikia yanasikia kwa ghafla, na trekta inakata upande kuliko alivyokusudia. Mafundi huita hali hiyo plei, nami nitalitumia neno hilo hilo, kwa sababu ndilo utakalolisikia katika kila gereji kuanzia Kongowea hadi Changamwe.

Ami mwenyewe alikuwa ameshaizoea. Mikono yake ilikuwa ikiusahihisha usukani wakati wote, kidogo kushoto, kidogo kulia, hata trekta ikienda moja kwa moja, na nadhani alikuwa hajui tena kwamba anafanya hivyo. Nilipomwambia kwamba chombo kimekuwa cha hatari alinijibu, "Mwanangu, mbona mimi nafika?" Na kweli alikuwa akifika. Lakini mwezi wa Desemba mpwa wangu, kijana ambaye sasa ndiye anayeachiwa kazi nyingi za shamba, aliichukua kwenda kuvuta tela la maji, na alipokuwa akishuka mteremko wa barabara ya vumbi, gurudumu la kushoto likaingia mtaroni, tela likalala ubavu, na maji yote yakamwagika. Hakuumia, alhamdulillahi. Aliponieleza jioni ile alisema jambo moja ambalo halikunitoka kichwani: "Mjomba, niliuzungusha usukani, lakini haukuwa umeshika kitu."

Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza pampu za maji huko Shimanzi, wala sikuwahi kuufungua usukani wa trekta kabla ya hapo. Hata hivyo beringi ni beringi, sili ni sili, na chuma kinacholika kwenye pampu hulika kwa sababu zile zile kwenye trekta. Nilimwomba ami aniachie chombo chake kwa Jumamosi na Jumapili za wiki tano, mwishoni mwa kaskazi, kabla mvua ya mwaka haijaanza na kila mtu kumjia akitaka kulimiwa.

Kila niliyemuuliza alinipa shauri moja: nunua sanduku zima la usukani, funga, umalize. Ni shauri ambalo wauzaji wa vipuri hulipenda, na kuna siku huwa ndilo sahihi. Mimi nililikataa kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameiangalia trekta. Plei haikai mahali pamoja. Kati ya mkono wa dereva na tairi kuna viungo vingi, na kila kiungo kinalika kwa kiasi chake, bandu bandu mpaka gogo linakwisha. Yule anayebadilisha sanduku na kuviacha viungo vingine vilivyo hutoa fedha nyingi akapata nafuu ndogo, kisha humlaumu aliyemuuzia.

Ni vizuri nieleze jinsi usukani wa 135 ulivyopangwa, maana mpangilio wake si kama wa gari dogo. Hapa nazungumzia ule wa kawaida usiosaidiwa na haidroli. Gurudumu la usukani limefungwa juu ya mhimili mrefu ambao mwisho wake wa chini, ndani ya sanduku, umechongwa hesi kama parafujo nene. Juu ya hesi hiyo inapanda na kushuka nati kubwa, lakini nati haigusani na parafujo moja kwa moja: katikati yake kuna gololi za chuma zinazobingirika ndani ya mfereji, zikifika mwisho zinarudishwa mwanzo, zikizunguka hivyo daima. Mwendo wa nati ndio unaozungusha mihimili miwili mifupi inayotokeza kwenye mbavu za sanduku, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila mhimili umebeba mkono unaoning'inia chini. Usukani ukizungushwa, mkono mmoja unakwenda mbele na wa pili unarudi nyuma. Kutoka kila mkono fimbo ndefu inakwenda mbele, kupita ubavuni mwa injini, hadi kwenye gurudumu la upande wake, ikiwa na kifundo cha mviringo kila ncha. Mafundi wengi huita vifundo hivyo bojointi.

Maana ya mpangilio huo ni kwamba kila gurudumu la mbele lina fimbo yake peke yake. Hakuna fimbo ya kukingama inayoyaunganisha magurudumu mawili kama kwenye magari mengi. Kwa hiyo kiungo kikilegea upande wa kushoto, gurudumu la kushoto linapata uhuru wake wa kutangatanga huku la kulia likiendelea kutii, na ndiyo sababu tairi la kushoto la ami lilikuwa limelika bega la nje hadi nyuzi zinaonekana ilhali la kulia lilikuwa bado na meno. Tairi hilo lilikuwa limeshatuambia habari yote kwa muda wa mwaka mzima, nasi tulikuwa tukilipita tu.

Jambo la pili linalostahili kueleweka kabla ya kushika spana ni hesabu ndogo. Tuchukue kwa mfano, wala si vipimo vya trekta yoyote hasa, kwamba mkono unaoning'inia una urefu wa milimita 200, kwamba sanduku linahitaji mizunguko 15 ya usukani ili kuuzungusha mhimili wa mkono mara moja, na kwamba kutoka katikati ya usukani hadi ukingoni pia ni milimita 200. Kiungo cha chini kikilegea milimita moja tu, dereva ataisikia juu kama milimita 15. Viungo viwili vikilegea milimita moja moja, ni milimita 30, yaani upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Lakini ulegevu unaousikia juu, ukingoni mwa usukani wenyewe, hauzidishwi na sanduku. Milimita moja hubaki milimita moja. Hii ndiyo sababu mimi nasema kazi ianzie ardhini ipande juu, na sanduku liwe la mwisho kufunguliwa. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa sanduku ndilo lililo mbele ya macho yao wanapokaa kitini.

Jumamosi ya kwanza hatukufungua hata nati moja. Tuliisimamisha trekta kwenye sakafu ya saruji ya ghala la nazi, tukaweka vigingi vya mbao nyuma ya magurudumu makubwa, na mpwa wangu akapanda kitini. Nilimwambia autikise usukani polepole, kushoto na kulia, ndani ya ile plei tu, bila kuyalazimisha magurudumu kugeuka. Mimi nililala chini juu ya gunia nikaweka kidole gumba nusu juu ya kiungo na nusu juu ya fimbo. Macho hudanganyika, lakini kidole kikikaa juu ya mpaka wa vyuma viwili husikia hata unyoya. Kwenye kifundo cha mbele cha kushoto kidole changu kilifinywa kabisa: fimbo ilianza kwenda na kifundo kikabaki, kisha kikafuata kwa mlio mdogo wa tak. Nikahamia kifundo cha nyuma, nikahamia upande wa kulia, nikamaliza vyote vinne, na kila kimoja nikakiandikia kwa chaki sakafuni pale pale chini yake.

Baadaye tuliinua ekseli ya mbele kwa jeki, tukaikalisha juu ya magogo mawili ya mkoko, kwa maana jeki ni ya kuinulia tu na haifai kumlinda mtu aliye chini. Nikashika tairi juu na chini nikalitikisa. Hapo mtu huweza kukosea, kwa sababu ulegevu wa beringi za gurudumu na ulegevu wa kingipini, yaani ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia, husikika sawa mkononi. Njia ya kuvitenganisha ni kumwomba mtu akanyage breki kwenye gari, lakini trekta hii haina breki mbele, kwa hiyo nilimwomba mpwa aangalie kwa tochi nyuma ya gurudumu wakati nikitikisa. Kama gurudumu linacheza na shina lake limetulia, ni beringi. Kama shina nalo linakwenda, ni kingipini na bushi zake, yale mabomba mafupi yanayoizunguka pini. Kushoto palikuwa na yote mawili. Kulia palikuwa na bushi peke yake.

Tukamaliza siku kwa hesabu hii: vifundo vitatu kati ya vinne vibovu, bushi za kingipini pande zote mbili zimelika, beringi ya gurudumu la kushoto imelegea, na sanduku lina plei yake, ingawa si kubwa kama tulivyodhani. Ami, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mnazi akitutazama, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo sanduku si kitu?" Nikamjibu, "Ni kitu, Ami, lakini si peke yake." Akatikisa kichwa, akaagiza tuletewe chai.

Kuvitoa vifundo ndiyo kazi iliyotufundisha subira. Shina la kifundo limechongwa kwa mshuko, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na huingia kwenye tundu lake likashika kwa nguvu hiyo ya kubanwa. Nati ni ya kulizuia lisirudi. Baada ya miaka mingi ya hewa ya bahari, kutu huvifanya vyuma viwili kuwa kama kimoja. Makosa ya kwanza ambayo mtu hufanya ni kupiga nyundo juu ya hesi, na hapo hesi inapondeka na shina halitoki. Tulichofanya ni kulegeza nati bila kuitoa, kumwagia mafuta ya kupenya na kuyaacha yalale usiku kucha, kisha asubuhi yake tukachukua nyundo mbili nzito. Moja niliiegemeza upande mmoja wa jicho la mkono, ya pili nikapiga nayo upande wa pili, mapigo mafupi makavu, wala si juu ya kifundo bali juu ya jicho lenyewe. Mshtuko hulifanya jicho lijipindue kidogo mno na kulifungua lile bano. Kifundo cha kushoto kilitoka kwa pigo la nne. Kile cha kulia nyuma kilitaka mapigo kwa muda wa sala mbili, adhuhuri hadi alasiri, kukiwa na mapumziko, na kilipoanguka hatimaye mpwa alipiga kelele kana kwamba timu yake imefunga bao.

Tulipokata mpira unaokifunika kifundo kimojawapo tuliona sababu. Mpira ulikuwa umepasuka, na ndani yake, badala ya grisi, palikuwa na unga mweupe uliokaza kama chokaa. Mashamba ya ukanda wetu mengi yamekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na vumbi la matumbawe likichanganyika na grisi huwa tupa. Kila siku ya kulima lilikuwa likisaga kile kifundo, na kila mara mtu alipopiga grisi mpya bila kuusafisha mpira uliochanika alikuwa akiongeza mafuta kwenye lile jiwe la kusagia. Tangu siku hiyo mimi nauangalia mpira kwanza, grisi baadaye.

Hapa lazima niseme la vipuri, kwa kuwa liliniudhi. Duka moja mjini lilituuzia vifundo vitatu vilivyong'aa, bei nafuu, kwenye boksi zuri. Nilipovishika dukani vilikuwa vigumu kugeuka, nikaona ni vipya kweli. Nyumbani nilivifunga kwenye jiliwa nikavizungusha mara mia kwa mkono, na kimoja kikalegea pale pale, kabla hakijaiona trekta. Ugumu ule ulikuwa wa plastiki iliyobanwa ndani, si wa chuma kilichochongwa kwa kipimo. Muuzaji alikataa kukirudisha. Niliporudi sokoni mara ya pili nilichagua vyenye nipo, yaani tundu la kupigia grisi, vyenye shina lililosagwa laini bila mikwaruzo, na nikaomba ruhusa ya kulijaribu shina ndani ya jicho la mkono wa zamani niliokuja nao mfukoni, nimelipaka chaki. Chaki ikifutika kuzunguka pande zote, shina limeenea. Ikifutika kwa mstari mmoja tu, umeuziwa kitu cha kukaa upande. Vifundo vilivyopita jaribio hilo viligharimu karibu mara mbili, na sijutii.

Kingipini nazitaja kwa ufupi. Bushi za zamani tulizitoa kwa bomba la chuma na nyundo, mpya tukaziingiza kwa kuzivuta na bolti ndefu badala ya kuzigonga, kwa maana bushi ikigongwa hupanuka mdomo. Kingipini ya kulia ilikuwa bado na kipimo kizuri. Ya kushoto ilikuwa na ngazi unayoweza kuisikia kwa ukucha, tukanunua nyingine. Beringi za gurudumu tulizisafisha kwa mafuta ya taa, tukazijaza grisi upya na kukaza nati mpaka gurudumu likazunguka bila kucheza wala kukwama.

Baada ya hayo, kabla ya kugusa sanduku, tuliifunga trekta tukapima tena. Plei ya usukani ilikuwa imeshuka kutoka shibiri hadi vidole vinne. Zaidi ya nusu ya ugonjwa ilikuwa imetoka bila sanduku kufunguliwa, na huo ndio wakati ambapo ami alisimama, akaja mwenyewe kuushika usukani, akauzungusha mara tatu bila kusema neno.

Vidole vinne bado ni vingi, hivyo wiki ya nne tukapanda juu. Tulitoa waya za betri, tukafungua dashibodi, tukafika kwenye gurudumu la usukani ambalo lilikuwa limeshikana na splini zake, yale meno ya mhimili yanayolishika. Ukilivuta kwa pula, yaani chombo cha kung'olea, iache nati ikiwa imeshika hesi chache, la sivyo gurudumu litaruka usoni mwako likiachia. Sanduku liliposhushwa na kulazwa juu ya meza, nililifungua plagi nikategemea kuona oili. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji, kiasi cha nusu kikombe cha kahawa, halafu kitu cheupe kizito kama uji wa mtama uliotiwa maziwa, halafu ndiyo oili yenyewe, kidogo. Maji yaliingia kutoka juu, pale mhimili unapotokeza chini ya gurudumu la usukani, kwa kuwa kizuizi cha hapo kilikuwa kimeoza na trekta hulala nje chini ya mwembe. Mvua huteremka na mhimili moja kwa moja hadi ndani. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na chini ndiko inakokaa beringi ya chini ya parafujo.

Beringi hiyo ilikuwa imepasuka njia yake. Lakini maji hayakuwa peke yake katika kosa hilo. Chini ya kifuniko tuliona kwamba kulikuwa na shimu moja tu, nyembamba, na alama za rangi zilionyesha kwamba zamani zilikuwapo nyingine. Shimu hizo ni vibati vyembamba vinavyoamua beringi za mhimili zibanwe kiasi gani. Fundi mmoja, miaka ya nyuma, aliziondoa ili kuua plei. Usukani ukawa mgumu, wateja huamini ugumu ni uzima, naye akalipwa. Beringi ilibanwa kupita uwezo wake mpaka ikakatika, na plei ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Halafu kuna jambo ambalo fundi yule hakulifikiria: usukani hulika zaidi pale katikati, mahali pa kwenda moja kwa moja, kwa sababu ndipo unapokaa muda mwingi wa maisha yake. Ukikaza mpaka pale katikati pasicheze, utakuta kwenye kona, ambako chuma bado ni kinene, usukani unakwama. Dereva anayekata kona na usukani ukagoma kurudi yuko hatarini kuliko yule mwenye plei.

Gololi tulizitoa juu ya sinia ya aluminiamu iliyotandikwa kanga kuukuu, ili zisidunde na kupotea. Nilimwambia mpwa azihesabu, kisha nikazihesabu mimi, hesabu ikaandikwa ukutani. Nilizibingirisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na dirisha. Nyingi zilikuwa na madoa ya kijivu yasiyofutika, na tatu zilikuwa na vijishimo kama ndui. Gololi moja mbovu haiachwi kati ya nzima. Hubadilishwa zote kwa pamoja, za kipimo kimoja, kwa sababu ikiwa moja ni kubwa kwa unywele ndiyo itakayobeba mzigo wa wenzake wote. Kwa bahati mfereji wa parafujo ulikuwa safi, una mng'aro wa kutumika tu. Ungekuwa umechimbika, hapo ningekubali shauri la kununua sanduku zima bila ubishi.

Bushi za mihimili ya mikono zilikuwa zimekuwa za umbo la yai, na nilizichukua pamoja na mihimili yake hadi kwa fundi mkereza huko Changamwe. Huyu ni mzee ambaye hupima kwa kalipa mara tatu kabla ya kuwasha mashine. Alichonga bushi mpya za bronzi, akaziacha na nafasi ndogo ya oili, kisha akanionyesha mtaro ambao mdomo wa sili ya zamani, ile pete ya kuzuia oili isivuje, ulikuwa umeuchimba kwenye mhimili. "Sili mpya ikikaa hapa hapa itavuja siku ya kwanza," alisema, "isogeze ndani kidogo, ikamate chuma kizima." Kijana mmoja pale karakanani alipendekeza kuzijaza splini za mkono wa kushoto kwa kuchomelea, kwa vile zilikuwa zimelika kidogo. Mzee alimkatalia kabla yangu. Chuma cha mkono wa usukani kimepewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichomelea unauondoa ugumu huo mahali pamoja na kuleta wepesi wa kuvunjika kando yake, na mkono wa usukani hautoi onyo kabla ya kukatika. Tulitafuta mkono mwingine, uliotumika lakini mzima, na tukaupata kwa wanaouza mabaki ya matrekta.

Kuunganisha kulikuwa kazi ya siku moja tulivu. Gololi huingizwa kwenye nati zikiwa zimeshikwa na grisi ili zisianguke. Shimu tuliongeza moja moja, tukikaza na kujaribu, mpaka mhimili ukazunguka kwa ulaini na ukizuiwa kidogo sana, bila kupanda wala kushuka ukivutwa. Nilimpa mpwa aufanye mwenyewe mara mbili, kwa sababu kipimo hicho hukaa mkononi na hakielezeki vizuri kwa maneno. Sanduku likajazwa oili ya gia ya namba 90 hadi kwenye plagi ya kipimo.

Kabla ya kufunga mikono tulitafuta katikati ya sanduku: usukani unazungushwa hadi mwisho wa upande mmoja, unahesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, unarudi nusu yake. Magurudumu nayo yanaelekezwa mbele, ndipo mikono inaingia kwenye splini na fimbo zinarefushwa au kufupishwa kufuata. Vituo vya kuyazuia magurudumu vilivyo kwenye ekseli lazima viguse kwanza kabla nati haijafika mwisho wa parafujo. Ikiwa nati ndiyo inayogonga, kila kona kali itakuwa pigo ndani ya sanduku. Nati za vifundo zilipokuwa hazilingani na tundu la pini, tulizikaza mbele mpaka tundu linalofuata, wala hatukuzirudisha nyuma.

Magurudumu ya mbele hutakiwa kukaribiana mbele kuliko nyuma kwa milimita chache. Tulitia alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele, kwenye kimo cha ekseli, tukapima kati ya alama mbili. Kisha tukaisukuma trekta mpaka alama zile zile zikahamia nyuma, tukapima tena. Kutumia alama zile zile kunaondoa kosa la rimu iliyopinda, na rimu ya kushoto ilikuwa imepinda tangu mtaroni. Tofauti tuliyoiacha ni milimita nne.

Jumapili jioni ami aliichukua akaizungusha shambani, chini ya minazi, akarudi. Niliona mikono yake ikiendelea kutikisika kushoto na kulia kama alivyozoea, na trekta nayo ikimtii kila mara, ikienda kama nyoka. Alisimama, akashusha mikono mapajani, akaondoka tena, safari hii akiwa ameushika usukani kwa mkono mmoja tu. Alama ya matairi kwenye mchanga ilikuwa mstari.

Plei sasa ni upana wa vidole viwili visivyotimia. Baada ya saa kama 30 za kulima nilikwenda kukaza nati zote tena na kuuangalia ule mpira wa vifundo. Kimoja kilihitaji robo mzunguko. Kizuizi cha juu ya mhimili bado sijakipata cha asili yake, kwa hiyo nimekata kola ya mpira kutoka tyubu kuukuu nikaifunga kwa waya chini ya gurudumu la usukani, na mpwa ameagizwa kila ikinyesha aufunike usukani kwa ndoo iliyopinduliwa. Wiki iliyopita, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, nililegeza plagi ya chini nikaweka kidole. Ilitoka oili tupu, nyeusi na safi.